Elisaria Sifaeli Mbise, Fundi wa Regulata za Gesi (1971–2025)

Marehemu Elisaria alizaliwa Akheri, Meru, tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tatu wa mzee Sifaeli Mbise na mama Hedwiga. Alibatizwa na kupata kipaimara katika usharika wa nyumbani.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1985, akashuka mjini kujifunza uchomeleaji Ngarenaro. Kuanzia mwaka 2004 alishika kazi aliyoipenda kuliko zote: kufunga regulata, kile kifaa kinachopunguza msukumo wa gesi kabla haijafika jikoni, kwenye mahoteli na migahawa.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Ruth. Walijaliwa watoto wawili, Angel na Daniel.

Aprili 2023 alikuwa akifunga regulata katika mgahawa mmoja Kaloleni. Aliipaka povu la sabuni kupima kama inavuja, hakuona kiputo hata kimoja. Hakujua kwamba gesi ilikuwa ikivuja nyuma ya jiko, kwenye mpira mkuukuu. Ameshika kiberiti ajaribu jiko, mara Ruth akaingia na chakula chake cha mchana.

“Baba Angel, usiwashe! Gesi imejaa humu!”

“Gesi ipi? Mbona mimi sisikii harufu yoyote?”

Ruth alimpokonya kiberiti, akamvuta nje. Mtungi ulipofungwa na hewa kupita, marehemu aliketi juu ya gunia la mchele, akanusa kitunguu, akanusa mafuta ya taa. Hakupata kitu.

Angeweza kunyamaza. Badala yake alimwambia kila mteja, “Pua yangu imekufa.” Wengi hawakumpigia simu tena, na jambo hilo lilimuuma sana. Ruth akafunga genge lake la ndizi, akawa anatangulia kuingia jikoni, na mumewe anangoja mlangoni mpaka aambiwe, “Njoo, pako salama.”

Tulidhani ni mafua sugu. Kichwa kilianza kumuuma, kisha macho yakafifia. Februari 2024 madaktari waliona uvimbe kwenye ubongo. Alipasuliwa, lakini ulirudi. Alirejea Akheri akiongozwa kwa mkono.

Jumapili yake ya mwisho Ruth alikuwa akikaanga kahawa.

“Inanukiaje?” marehemu aliuliza.

“Kama ya mama yako.”

Aligeuzia uso ukutani. Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, alfajiri, aliaga dunia.

Ameacha mjane, watoto wawili, mjukuu mmoja, Princess, mama yake mzazi, na ndugu zake Solomoni na Anyesi. Mama Hedwiga, mwenye miaka themanini na minne, ameomba asiambiwe “pole” leo. Anasema alijiandaa kuzikwa na mwanawe, si kumzika.

Elisaria, Bwana akupe pumziko na amani yake.