Clavery Mutembei, Dereva wa Radi Jazz (1946–1994)

Ndugu, majirani na nyote mliofika Kashozi leo, Jumamosi tarehe 11 Juni 1994: habari hizi za maisha ya Clavery Mutembei zimeandikwa na dada yake mkubwa, Felicitas, ambaye ndiye anayewasomea. Aliombwa aandike kwa ufupi. Amejaribu, ameshindwa.

Clavery alizaliwa hapa hapa Kashozi tarehe 3 Machi 1946, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Philbert Mutembei na marehemu Mama Paskazia. Alikuwa mtoto mwoga. Hili linasemwa mapema kwa sababu wengi wenu mlimjua baadaye, akiwa na lori na sauti ya kuitia ng'ambo, mkadhani hakuna kilichomtisha. Aliogopa bata mzinga wa misheni, aliogopa ngurumo, na akitumwa maji jua likiwa limeinama alikuwa anaimba kwa nguvu njia nzima ili migomba isimsikie akipumua. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu akinyamaza ndipo mumtafute.

Alisoma shule ya msingi na ya kati hapa Kashozi hadi darasa la nane, mwaka 1962. Alipenda hesabu na alichukia viboko, na viboko vilikuwa vingi kuliko hesabu. Mwaka 1964 alianza kazi ya utingo katika lori la kahawa la Mzee Rugemalira wa Hamugembe, na mwaka 1968 alikabidhiwa usukani. Lori hilo alilishika zaidi ya miaka ishirini, akibeba kahawa kuileta Bukoba na samaki kutoka mialo ya Muleba. Hakuwahi kulipindua, ingawa wanaomkumbuka kwenye kona za Kemondo watasema alijaribu.

Mwaka 1969 ilizaliwa bendi ya Radi Jazz, na Clavery akawa dereva wake siku za Jumamosi. Vijana mliozaliwa juzi, hamkuusikia muziki ule. Magitaa yalikuwa yanalia kwa ukali hadi vikombe vinacheza mezani. Wazee wa Hamugembe walilalamika kwamba ng'ombe wanakataa kukamuliwa. Ishengoma, mume wa Felicitas, alipiga ngoma kama mtu anayepasua kuni. Bartholomayo wa Izimbya aliimba, na sauti yake ilipita juu ya kelele zote hizo bila kusukumana nazo. Clavery hakujua kupiga chombo chochote. Alibeba maspika, akasimama mbele kabisa, akapiga makelele. Wapenzi wa bendi, waliojiita Wana-Radi, walimchagua mwenyekiti kwa sababu hiyo hiyo.

Ni kwenye dansi, Bukoba mjini, ndipo alipomkuta Ephrasia amesimama karibu na spika, ameziba masikio kwa vidole, hataki kuondoka. Alimuuliza kama anaumia. Akajibu, "Naumia, lakini niache." Walifunga ndoa takatifu katika kanisa la Kashozi tarehe 12 Juni 1971, na Mungu aliwajalia watoto watatu.

Oktoba 1978 vita vilitufikia. Ndege zilipita juu ya Bukoba zikiangusha mabomu, na barabara ya kusini ikajaa watu, mbuzi na magodoro. Siku hiyo lori lilikuwa limepakia vyombo vyote vya Radi Jazz, bendi inakimbilia Muleba. Pale Hamugembe akina mama wakongwe walikuwa wamekaa barabarani, miguu imegoma. Clavery alitetemeka mikono hadi akashindwa kufungua bodi ya nyuma; Ishengoma ndiye aliyemfungulia. Wakashusha maspika na mashine zake kwenye shamba la watu, wakapandisha wale bibi. Waliporudi mwaka uliofuata, hawakukuta hata waya. Radi Jazz ikafa hivyo, na hadi leo wapo Wana-Radi wanaosema angeweza kubananisha bibi na vyombo humo humo. Waje waseme hapa mbele ya watoto wa wale bibi.

Baada ya vita vya bunduki vilikuja hivi vingine, vya ugonjwa. Tuliviita Juliana, jina la shati la wafanya magendo, tukaviita kurogwa, tukaviita kukonda tu. Ishengoma alizikwa mwaka 1986. Wapiga magitaa walifuata, na wasichana waliokuwa wanacheza mstari wa mbele, na waume zao. Watu waliacha kusalimiana kwa kuuliza habari za nyumbani, maana jibu liliogopesha. Kila aliyekohoa kanisani aligeukiwa.

Mwanzoni mwa 1990 Clavery alikwenda Izimbya kumwona Bartholomayo. Alikuta amehamishiwa jikoni, kibanda cha nyuma, ana sahani yake na kikombe chake, na chakula kinaachwa mlangoni. Ndugu zake hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na hofu, kama sisi. Bartholomayo alimwambia, "Clavery, waitu, ndugu yangu, kufa siogopi sana. Naogopa kwamba nimekwisha kufa na ninyi hamjaniambia. Hakuna anayekuja." Kisha akasema anataka kuimba mara moja tu, na wenzake waliobaki, mbele ya watu.

Clavery aliwaita Wana-Radi nyumbani kwake Hamugembe, na hapo ndipo kelele zilipoanza. Mayenga, mfanyabiashara wa samaki kutoka kisiwa cha Goziba, alitaka bendi irudi hata kesho, akaahidi jenereta yake. "Sisi kule visiwani tunafukiwa bila hata kengele," alisema. "Mtu angali na sauti, mnangoja nini? Mumsikilize kaburini?" Wengine walisema dansi ndilo lililotumaliza, na sasa mwenyekiti anataka kulifufua limalizie watoto. Wengine waliuliza, kwa sauti ya chini, nani atakishika kipaza sauti baada ya mgonjwa.

Felicitas alikataa kuliko wote, na hata leo haoni kwamba alikosea. Alisimama akasema, "Clavery, mwana wa mama, unataka tukae tuitazame ile ngoma, tuone nani hayupo nyuma yake? Mimi namwona kila asubuhi kwamba hayupo. Sihitaji jukwaa."

Clavery akamjibu, "Dada, Ishengoma tulimlilia watu wengi. Alipokuwa kitandani tulikwenda wangapi?"

Felicitas alichukua khanga yake akaondoka, na wa Kashozi wote wakaondoka naye wakiapa kutokanyaga. Huo ulikuwa mwezi wa nne; tangu hapo kaka na dada hawakusemezana.

Hata waliobaki walishindwa kupata siku. Wenyeji mnajua: maiti ikiwa ndani, kijiji hakishiki jembe wala hakipigi ngoma. Sasa kila Jumamosi iliyopangwa ilikuta msiba, kama si Hamugembe basi Izimbya. Huku Bartholomayo anapungua. Ephrasia anasema mumewe alikuwa akishtuka kila baiskeli iliposimama uani, akidhani imeleta habari kwamba amechelewa. Mwishowe Clavery aliamua bendi ipige mchana, nyumbani kwa Bartholomayo mwenyewe, Jumamosi tarehe 18 Agosti, na kama kuna jirani atakayekufa, Mungu amsamehe Clavery.

Ijumaa alipakia lori. Kwa kuwa Izimbya hapakuwa na viti vya kutosha, alikata nyasi za kutandika uwanjani watu wakalie. Kwa kuwa watu wangetoka mbali, alipakia mikungu ya ndizi, maharage na kuni. Akapita navyo mchana kweupe, Hamugembe hadi Izimbya, akavishusha kwa mgonjwa.

Nyasi, ndizi na kuni, kwenye nyumba ya mgonjwa! Hivyo ndivyo vinavyopelekwa msibani; nani katika nchi hii angeuliza swali? Hakuna aliyeuliza. Kabla ya jioni Kashozi ilijua Bartholomayo amefariki. Asubuhi Muleba ilijua.

Basi wale walioapa kutokanyaga wakaja wote, kwa kuwa dansi unaweza kulisusia, msiba huwezi. Felicitas alitangulia, khanga kiunoni, kikapu cha maharage kichwani, akianza kulia tangu njia panda. Kilio kilipofika uwanjani, mlango ukafunguliwa na Bartholomayo akatoka, amevaa shati jeupe ambalo lingewatosha yeye na mwingine.

Hofu ya siku ile haielezeki. Wanawake walitupa vikapu wakakimbilia migombani. Mzee mmoja alipiga magoti akaanza kuungama dhambi zake kwa sauti, na nyingine zilituhusu. Felicitas hakukimbia, ila ni kwa sababu miguu ilikataa. Clavery alisimama karibu na lori, mdomo wazi, kwa maana ndipo alipoelewa alichokifanya.

Bartholomayo alikishika kipaza sauti. "Waitu, naona mmekuja kunizika," alisema. "Ahsanteni. Kaeni basi, nyasi ni zenu."

Watu walirudi mmoja mmoja, wakakaa, mbali kidogo. Mayenga akawasha jenereta. Magitaa yalikuwa mawili, ya kuazima, na ngoma ilipigwa na mtu asiyeijua. Bartholomayo aliimba akiwa amekaa. Wimbo wa kwanza aliumaliza. Wa pili alikohoa katikati, na wengine wakainuka waondoke. Ndipo Clavery, ambaye hakuwahi kuimba isipokuwa kwa kuogopa migomba, akaupokea kwa sauti ile mbaya aliyokuwa nayo. Tukaupokea wote. Hakuna aliyecheza. Watu waliimba wamekaa kwenye nyasi, machozi yanatoka, na mwimbaji anawatazama. Baadaye Clavery alikunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu alichotoka kunywea Bartholomayo, mbele ya macho yetu, na tulimwona akifumba macho kwanza.

Ugomvi haukuisha. Wapo wanaosema siku ile ilimchosha mgonjwa ikamuua. Wapo wanaosema Clavery alipakia nyasi zile kwa makusudi. Yeye aliapa hadi mwisho kwamba zilikuwa za kukalia. Felicitas anashikilia kwamba yeye alikwenda msibani, hakwenda kwenye dansi. Lakini alisemezana na kaka yake siku hiyo hiyo, akimtukana. Bartholomayo alifariki tarehe 27 Septemba 1990, na waliomzika hawakuwa wengi, wengine wakisema wazi kwamba walishamlilia. Clavery hilo halikumuumiza. Alisema hata yeye angechagua kuliliwa angali hai.

Mwaka 1992 Clavery alianza kuharisha na kupungua. Wasifu nyingi husema marehemu aliupokea ugonjwa kwa ujasiri. Clavery aliogopa, na hakuona haya kusema. Mara mbili alilifikisha lori hadi lango la hospitali, akaligeuza. Mara ya tatu Felicitas alikaa naye mbele, akachomoa ufunguo. Majibu yalipotoka alisema, "Dada, usiniache jikoni." Hakuachwa jikoni. Alihamia hapa Kashozi na mkewe, akalala chumba cha mbele, dirisha likitazama barabara.

Na kutoka dirishani aliwangoja ninyi. Ni lazima isemwe. Mwenyekiti wa Wana-Radi, aliyewabeba bure kwenye misiba yenu yote, alilitambua kila gari kwa mlio, akasema, "Huyo ni fulani, anakuja," na fulani akapita. Mayenga alikuja kutoka Goziba, ziwa likiwa limechafuka, akakaa naye siku nzima akimnyoa ndevu. Wengine walituma salamu. Wengine walisimama kwenye mgomba wa mwisho, wakauliza hali yake kwa kupaza sauti kana kwamba nyumba inaungua. Yeye aliwatetea. "Waacheni," alisema, "mimi ninayemiliki ugonjwa wenyewe ninauogopa, sembuse wao."

Alifariki Alhamisi iliyopita, tarehe 9 Juni 1994, saa nne asubuhi, hapa nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minane. Aliuawa na ukimwi. Katika makaratasi ya misiba ya mkoa huu tumeandika malaria, tumeandika kifua, tumeandika kuugua kwa muda mrefu, hadi mtu wa mbali angedhani hapa hatufi kwa kitu kimoja. Clavery aliagiza neno lenyewe liandikwe.

Ameacha dada, Felicitas, watoto watatu, Benadetha, Rugemalira na Rozi, wajukuu wawili, na mjane, Ephrasia, huyu aliyekaa hapa kando ya jeneza. Mtazameni vizuri. Naye anaumwa ugonjwa huo huo, na yeye mwenyewe ndiye aliyetaka niwaambie. Leo mmekuja watu hadi barabara imefunga, na familia inawashukuru. Lakini kesho ni Jumapili, mkitoka kanisani njia yenu inapita mlangoni kwake. Yuko hai. Anapenda chai yenye tangawizi, na vikombe vipo vya kutosha.

Ee Bwana, umpe mtumishi wako Clavery pumziko lisilo na hofu. Amina.