Adui wa Kushoto

Kijiwe chetu kipo Kiwalani, mbele ya banda la gemu la Zuena: benchi moja la mbao, mguu wake mmoja ni tofali. Tukikaa tunatazama barabara, mlango wa banda uko mgongoni, kwa hiyo gemu za humo ndani huwa tunazisikia kuliko kuziona. Jumapili ile jioni Zuena aliwafukuza watoto wote, maana kulikuwa na kesi. Haroub, tunayemwita Rubani, ndiye dereva wa koasta inayowapeleka watoto wetu shule, njia ya Pugu. Ijumaa alikwangua nguzo ya geti la shule kwa ubavu wa kushoto wa gari, kioo cha dirisha kikapasuka, na binti yangu Mwanabaraka, anayekaa upande huohuo, akarudi nyumbani na vipande kwenye sweta. Tukamwambia akapimwe macho. Akawaka. Akasema macho yake yatapimwa na Chombo: akivuka leveli ya tano, kesho watoto wanapanda gari lake na mtu asifungue mdomo, akishindwa, ufunguo anatuachia. Akaingia bandani, akauweka ufunguo mezani kando yake, akashika pedi ya kuchezea. Chombo ni gemu la zamani la kaseti, unarusha ndege angani na kupiga maadui. Karatasi ya jina ilishabanduka, jina hilo tumelipachika wenyewe. Tukakubali, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia hapana.

Benchini tulikuwa watatu. Mwishehe, fundi redio, ndiye Waya. Godlisten tunamwita VAR, kwa kuwa hakubali uamuzi wowote mpaka urudiwe. Zuena alikaa kwenye kigoda chake kando ya jiko, akisimamia birika la kahawa.

Waya: Sikia mziki huo. Leveli ya nne. Gemu za siku hizi zina mziki kama huo?

VAR: Za siku hizi zina bando. Unataka kucheza, lenyewe linakwambia subiri. Hili unachomeka kaseti, unapuliza, unaruka.

Zuena: Hiyo puliza yenu ndo inaozesha vyuma. Nimeshasema.

VAR: Na ukibonyeza linapiga hapohapo. Gemu zuri, tusilisingizie.

Waya: Zuri, ila lina dhambi zake. Maadui wakijaa linakuwa zito, linatembea kama lina ujauzito. Halafu ukiguswa mara moja tu unanyang'anywa silaha zote, unarudi na kibunduki cha kuanzia. Huo si uungwana.

VAR: Aliye juu mngoje chini.

Waya: Inaingiaje hapo?

VAR: Wewe kunywa kahawa.

Ndani kukasikika mlio wa ndege kupasuka. Ndege moja imekwenda, bado mbili.

Rubani: Mmesikia? Katokea kushoto, bila hata taarifa!

VAR: Kushoto hapo kila mtu anakufaga, kaka Haroub. Usijali.

Hiyo ndiyo dosari ya Chombo, na mtaani imeshakuwa sheria: maadui wa kushoto hawaonekani, unashtukia wako juu yako. Sote tumekua na gemu hilo kwenye banda hilihili, na sote tumeuawa kutoka kushoto. Ukibisha, watu wanakuona mgeni.

VAR: Mnajua kwa nini kushoto? Waliolitengeneza, kwao magari yanapita kulia. Kushoto ni upande wa kupuuza, hawakuweka onyo. Sie tunaopita kushoto ndo tunaangamia.

Waya: Porojo. Ni rada. Uwanja wa ndege si huo hapo? Rada ikipita juu ya bati la Zuena inawafuta maadui upande mmoja. Ndege ikishatua wanarudi, washakufikia.

Zuena: Mambo ya umeme wewe ungenyamaza. TV yangu ya zamani, ile ya chogo, uliihangaikia miaka, doa jeusi lile likakushinda mpaka nikanunua hii flati.

Waya: Doa lile lilikuwa la kiwandani, mama.

VAR: Mie naona aliyeandika leveli ya tano alifukuzwa kazi kabla hajamaliza. Akasema sawa, dunia nzima nitaifanyia kisa. Akaficha jeshi zima kushoto. Mkono usioweza kuukata, ubusu.

Mie: Na nguzo ya geti, nayo aliificha nani?

Lilikuwa neno langu la kwanza jioni ile, na lilitoka kwa ukali kuliko nilivyokusudia. VAR akachungulia kikombe chake.

Waya: Nguzo ile ilijengwa vibaya, bwana. Imetokeza njiani.

Zuena: Ipo hapo tangu shule inafunguliwa. Haijawahi kumfuata mtu.

VAR: Rubani ana miaka kwenye usukani, hajaua hata kuku. Tusimvunjie heshima kwa sababu ya kioo kimoja.

Mie: Kioo hicho kilikuwa kwenye sweta la mwanangu.

Mlio mwingine ndani. Ndege ya pili hiyo.

Rubani: Kushoto tena. Gemu linaiba hili.

Sauti yake haikuwa ya mtu anayelalamika. Ilikuwa ya mtu anayeomba, na nilimwonea huruma, maana koasta ile ndiyo inayolisha nyumba yake. Mziki ukabadilika, ukawa ule wa haraka wa leveli ya tano.

Hapo ndipo alipofika Chausiku, mpangaji mpya wa nyumba ya jirani, kajifunga mtandio kichwani.

Chausiku: Shikamooni.

Waya: Marahaba, dada. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Zuena, mimina kahawa.

Zuena: Birika imebaki machicha.

Chausiku: Sikai. Namtafuta dereva wa koasta ya shule, mwanangu anaanza kesho.

VAR: Yupo ndani, ana mtihani. Msubiri hapo mlangoni, ila usimsemeshe.

Akasimama mlangoni, akatazama ndani. Sie tuliokuwa tumeupa mlango mgongo tukageuza shingo, tukawa tunamtazama yeye.

Chausiku: Anaweza huyu. Upande wa kulia hapitwi hata na nzi.

VAR: Ndo Rubani huyo.

Chausiku: Ila naomba kuuliza, kaka zangu, mie gemu sizijui. Wale wekundu wa kushoto, sheria ni kuwaacha wapite?

Waya: Wale hawaonekani, dada. Wanatokea ghafla.

Chausiku: Hawaonekani vipi? Si hao wanakuja, taratibu, tangu kule pembeni. Yule pale. Na mwenzake nyuma.

Tukainuka. Tangu flati ile ifungwe ukutani, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuingia kuitazama. Na kweli, pembeni kabisa kushoto walikuwa wanaingia wekundu watano, mmoja nyuma ya mwenzake, kama kuku wanaorudi bandani, na kabla ya kuingia kila mmoja aliwaka na kuzima ili umwone. Rubani alikuwa anapiga wa kulia tu.

Waya alinishika mkono. Akasema kwa sauti ya chini, "Lile doa. Lilikuwa kushoto."

Nikaelewa. Gemu halikuwahi kuficha mtu. TV ya chogo ndiyo iliyokuwa imezibwa upande ule, sie tukaufanya upofu wake kuwa sheria, na Rubani alipoanza kufa kutoka kushoto kwenye TV nzima isiyo na doa, tulimpokea kwa sheria hiyohiyo. Nilimkalisha mwanangu dirisha la kushoto la koasta juu ya sheria hiyo.

Mie: Kaka Haroub, kushoto.

Rubani: Kushoto kuna nini?

Mie: Wekundu.

Rubani: Wako wapi?

Wa kwanza alikuwa ameshafika katikati ya kioo cha TV. VAR alifumba macho. Ndege ikapasuka na mziki ukakatika.

Rubani hakugeuka. Akaiweka pedi chini polepole, akasema ahadi ni ahadi, ufunguo tutaupata. Akapapasa mfuko wa shati, akapapasa wa suruali. Akatazama mezani mbele yake, akatazama kulia, akainama hadi sakafuni. Ufunguo ulikuwa mezani palepale alipouweka mwenyewe, kushoto, kando ya kiwiko chake.

Akainuka, akatutazama mmoja mmoja, akauliza kwa hasira ya kweli ni nani kati yetu aliyeuchukua.