Madam Persis na Mia Tatu za Ikonge

Jumatatu, 30 Juni 2025. Asubuhi ya ukungu. Kilima cha Nyanchwa hakionekani kutoka dirisha la ofisi. Leo Madam Persis Nyangau anastaafu, baada ya kulitumikia shirika letu la afya Kisii na Nyamira kwa miaka thelathini na minne.

Aliajiriwa Aprili 1991 kama karani wa takwimu, akapanda hadi mkuu wa kitengo. Nyumbani Nyanchwa huenda kwa miguu, na waendesha bodaboda walishaacha kumwita. Njiani huhesabu watoto wenye sare. Yeye husema ananyoosha magoti. Sisi tunajua ni sensa.

Kazi yake tunayoisimulia zaidi ni wodi ya kujifungulia karibu na Ikonge. Machi 2014 mpango ulikuwa vitanda vinne tu, na akina mama ambao wangekosa nafasi wangeendelea kubebwa kwa pikipiki hadi mbali, uchungu ukiwa umeshaanza. Kamati ilikuwa inakutana saa sita mchana. Hesabu niliandaa mimi: watu 12,000, wakiongezeka kwa fomula yenye 0.025 juu kwenye kipeo, ikizidishwa na miaka. Nikatafuta kasi ya ongezeko, nikaandika watu 12,000 kwa mwaka. Meneja wetu wa wakati huo, Bw. Ombati, aliipenda sana.

Madam Persis alivua miwani.

“Edinah, kwa hesabu yako kila mtu Ikonge amepata mtoto mwaka huu, wazee kwa vijana. Ishushe hiyo 0.025 ije izidishe.”

Niliishusha. Zikabaki 300. Bw. Ombati akanung'unika kwamba kwa namba hiyo hata vile vinne vitapunguzwa, akamsihi Madam Persis apeleke ile ya kwanza. Alikataa. Aliieleza kamati kwamba mia tatu ni za mwaka huo tu, kwani kasi yenyewe hukua pamoja na watu. Baada ya miaka kumi ingekaribia 385 kwa mwaka. Kisha akawauliza wodi hujengwa itumike miaka mingapi. Hakuna aliyesema mwaka mmoja. Viliidhinishwa vitanda vinane, na tulipozuru mwaka jana vyote vilikuwa na watu.

Kuanzia kesho rasimu zote zitaishia mezani kwangu, na hakuna tena wa kunirudishia. Asante, Madam, kwa kila namba uliyoikataa. Tunakuombea afya, furaha na usingizi wa kutosha. Ila simu, tafadhali, usiizime.

Edinah Onyancha, Kitengo cha Takwimu