Tochi ya Kuminya Yapumzishwa Kazi Baada ya Miaka Arobaini na Miwili

Ruse, Jumapili, 3 Desemba 2023. Asubuhi ukungu mzito wa mto Danubi, baridi kali, theluji bado.

Leo tochi yetu ya kuminya imestaafu rasmi, baada ya miaka arobaini na miwili ya utumishi. Springi yake ilikatika Alhamisi, nikiwa stoo natafuta mtungi wa kabichi ya chumvi. Fundi aliigeuzageuza, kisha akamwuliza mume wangu kama tumeitoa makumbusho. Kwa kuwa hakuna mwingine wa kuiandikia wasifu, nimejiteua mwenyewe, kama mfanyakazi mwenzake.

Baba aliileta nyumbani mwaka 1981, nikiwa na miaka kumi na mitano. Haikutumia betri. Uliiminya kama unakamua mbuzi, nayo ikatoa mwanga na mngurumo. Ukiacha, giza na kimya vinakuja pamoja. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kunisaidia kusoma riwaya kwa siri chini ya blanketi. Nyumba nzima iliamka.

Heshima iliipata majira ya baridi ya 1985, umeme ulipokatwa kwa zamu. Lifti ilisimama, nasi tuliishi ghorofa ya nane. Niliwapandisha majirani ngazi nikijiona nahodha wa meli. Mkono wangu wa kulia ulinenepa kuliko wa kushoto. Kwenye picha ya kumaliza shule naonekana kama mcheza tenisi aliyepotea njia.

Jengo zima lilinijua kwa ule mngurumo. Ukisikika unapanda, Zdravka, yaani mimi, anarudi nyumbani. Ukinyamaza kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, Zdravka yuko na Lyuben wa ghorofa ya tano.

"Mbona tochi imenyamaza?" mama aliita kutoka juu.

"Napumzisha mkono, mama."

"Basi mpe huyo kijana aminye. Mikono yake isikae bure."

Mzee Kosta wa ghorofa ya tatu alicheka nyuma ya mlango wake mpaka akakohoa.

Jioni moja ya Februari, Lyuben alikuwa anaondoka kesho yake kwenda jeshini, miaka miwili. Niliacha kuminya. Akaniuliza kama nitamngoja ili tuoane. Nilikuwa nimejiandalia jibu la sentensi tatu nzuri. Haikutoka hata moja. Nikatikisa kichwa kushoto na kulia, kushoto na kulia, kama Mbulgaria yeyote anavyokubali. Kwenye giza totoro.

"Sawa," alisema. "Nimeelewa." Nikasikia viatu vyake vikianza kupanda ngazi.

Msichana mwenye akili angemwita. Mimi niliikamata tochi kwa mikono miwili, nikaiweka chini ya kidevu na kuiminya kwa nguvu zangu zote, huku nikiendelea kutikisa kichwa. Lyuben aligeuka, akaona kichwa kisicho na mwili, pua kubwa, macho mashimo, kikimkubalia. Akakaa chini papo hapo.

Mngurumo ule ulifungua milango. Mama alishuka, akanitazama usoni nikiwa bado natikisa kichwa.

"Umekubali nini wewe, na sura hiyo?"

"Kuolewa."

Akamgeukia Lyuben. "Na wewe umemwona hivi, bado unamtaka?"

Lyuben aliinuka pale ngazini. Akatikisa kichwa kushoto na kulia, nami nikammulika vizuri, ili mama na Mzee Kosta wawe mashahidi.

Leo mchana tumeiweka tochi kabatini, kando ya vikombe vya kahawa ambavyo ni vya wageni tu. Lyuben ametoa hotuba fupi. Amesifu uaminifu wake na afya yake, akaongeza kwamba jeshini hakuwahi kuogopeshwa kiasi kile.

Asante, mwenzetu, kwa mwanga na hata kwa kelele. Uishi kwa raha kabatini, asitokee tena mtu wa kukubana mbavu.

Naenda kulala saa nne kasoro robo.