Bi Taratibu Aagwa kwa Mara ya Tatu, na Safari Hii Anaondoka Kweli

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana ya vipuri vya makombora ya majini, fundi mkuu wetu, Bi Taratibu, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Mei. Wasomaji wenye kumbukumbu watasema habari hii wameshaisoma. Ni kweli. Tumeshamuaga mara mbili, keki tukala, na sufuria tulizompa zawadi zinapika hadi leo. Kila mara, Jumatatu iliyofuata alikuwa mlangoni na ovaroli lake, akiuliza nani ameacha spana mezani.

Jina hilo alilipata wiki yake ya kwanza, alipomtoa nje mkuu wa kituo kwa kosa la kuingia karakanani akikimbia. Mkuu alitoka, akaingia tena akitembea. Tangu hapo hata mbu wa humu ndani hawana haraka.

Kazi yake ilikuwa kuyatunza makombora ya kupigia meli, ambayo yamezeeka pamoja naye. Kuna mwaka fundi rangi alilipaka kombora la vita lenye baruti ndani rangi ya buluu, rangi ya yale matupu ya kufundishia, na wanafunzi wakaletewa walifungue. Bi Taratibu alitazama matairi ya toroli, akaona yamebonyea mno kwa kitu kitupu. Aliwatoa wote kwa upole, utadhani anawapeleka kunywa chai. 

Kilichomzuia kuondoka ni pete za mpira. Pete hizi huziba viungo vya injini inayolisukuma kombora litoke kwenye mrija wake melini. Zikikakamaa kwa uzee, moto hupenya pembeni, na kombora huweza kuwalipukia mabaharia wenyewe. Kiwanda kilichozitengeneza kiliacha zamani, ikabidi tubuni zetu. Za kwanza ziliungua kwenye majaribio, siku chache tu baada ya sherehe ya kwanza ya kumuaga. Za pili zikapasuka baada ya sherehe ya pili. Mumewe, fundi cherehani mwenye moyo wa subira, alifunga mizigo ya kuhamia kwa wajukuu, akaifungua, akaifunga, akaifungua.

Sisi tulidhani ni ukaidi. Kumbe mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee, ni baharia, na kitanda chake melini kiko nyuma ya ukuta wa mirija ile. Bi Taratibu alitueleza waziwazi kwamba hawezi kwenda kulea wajukuu huku baba yao analala jirani na pete mbovu.

Mwezi uliopita pete za tatu zilifaulu kila jaribio, na meli ikatoka kurusha kombora la kweli kwenye tishari bovu lililowekwa baharini kama shabaha. Tulikusanyika kwenye redio. Ikatangazwa kuwa kombora limetoka salama na tishari limezama. Tulikumbatiana hata na watu wa uhasibu. Bi Taratibu aliketi sakafuni akalia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha, maana wengi wetu tulikuwa tunalia pia. Jioni mkwe wake alipompigia simu, Bi Taratibu alimwambia alale vizuri, kwani usiku huo hata yeye atalala.

Asante, dada yetu. Mabaharia wengi hawaijui sura yako, lakini wanarudi kwa watoto wao wakiwa wazima. Tunakuombea usingizi mzito na uzee mtamu.