Mzee Elisaria Aliyekimbia Kutoka Momela

Ndugu waombolezaji, wazee wetu shikamooni. Aliyeandika maneno haya ni Anneth, binti mkubwa wa marehemu, na hadi Jumanne ya wiki hii alikuwa hajui ayamalizeje. Mtamvumilia pale atakapojikanganya. Mambo ya baba yake yalimkanganya tangu utotoni, na msiba haujayanyoosha.

Marehemu Mzee Elisaria Philemoni Nnko alizaliwa Ngongongare, Meru, tarehe 3 Machi 1952, kwa mujibu wa cheti cha ubatizo. Mama yake mzazi alishikilia hadi kufa kwake kwamba ilikuwa mwaka mmoja kabla, na kwamba mchungaji ndiye aliyekosea. Familia imekaa, imebishana, na imeamua kufuata cheti. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba, na hilo angalau halina ubishi.

Alianza masomo katika shule ya misheni mwaka 1960 na kumaliza darasa la saba mwaka 1966. Alikuwa mzuri wa hesabu na mbaya wa kukaa kimya. Lakini alichokisoma kikubwa hakukisomea darasani. Agosti 1962, akiwa darasa la tatu, watengeneza filamu kutoka nje walipiga kambi karibu na maziwa ya Momela, wakaomba watu ishirini, wakubwa kwa wadogo, wa kukimbia mbele ya kamera. Hawakuambiwa wanakimbia nini. Mkalimani aliwaambia tu wavue masweta, na kitambaa chekundu kikipungwa watoke mbio kama watu wanaofukuzwa.

Elisaria alivua sweta lake la kijivu la shule, akaliweka juu ya jiwe. Kitambaa kikapungwa. Wenzake walikimbia hatua hamsini, wakaambiwa basi, wakasimama kusubiri chai. Yeye hakusimama. Alisikia nyayo nyuma yake, halafu pumzi, na hizo nyayo hazikumwacha. Alikimbia njia ya saa mbili kwa miguu hadi akaingia uani kwao bila kugeuka hata mara moja. Kesho yake asubuhi mama yake alilikuta lile sweta limetundikwa kwenye ua wa masale. Nani alilileta, hakuna aliyejua. Kwa miaka sitini na mitatu Elisaria aliuliza maswali mawili, na hapa wamo wengi waliowahi kuulizwa: nilikuwa nakimbia nini, na sweta lilifikaje?

Mwaka 1969 alishuka Arusha mjini, akaajiriwa kufagia katika jumba moja la sinema, na baada ya miaka mitatu akawa mwendesha mashine. Watu walidhani anapenda filamu. Kumbe alikuwa anajitafuta. Kila filamu yenye wanyama aliitazama kupitia tundu la chumba cha mashine, akingoja aone watu ishirini wakikimbia na kilicho nyuma yao. Jina la filamu yake hakuwahi kuambiwa. Jumba lilipofungwa, alizunguka na jenereta na shuka jeupe vijijini, kisha akafungua banda la video pale Sakina. Huko ndiko alikokutana na Mzee Jamaldini, fundi wa magari, aliyekuja kutengeneza deki na hakuondoka tena maishani mwake. Yuko hapa leo, mstari wa mbele, na kanzu yake.

Tarehe 17 Septemba 1977 marehemu alifunga ndoa na Aikande, binti wa jirani yao pale pale Ngongongare. Alimposa kwa kumsimulia habari za Momela. Alimweleza pumzi ya kile alichodhani ni mnyama ilivyokuwa ya moto shingoni, na Aikande akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Wakajaliwa watoto wawili, Anneth na Abdiel. Ndoa yao ilikuwa na kelele nyingi na ugomvi mchache. Mama Anneth katika maisha yake yote hakuwahi kuingia jumba la sinema, na alipoulizwa sababu alisema anaona ya nyumbani yanamtosha.

Mwaka 2011 marehemu alifungua Bustani ya Sinema kwenye shamba lake la ekari tatu, kando ya njia ya kwenda Momela. Mnaifahamu. Mna mji wa mbao wa wapanda farasi, ambao farasi wake ni punda. Mna ndege isiyo na injini, na mna mamba wa plastiki anayefunua kinywa kwa mota ya waipa za gari, kazi ya Mzee Jamaldini. Vivutio sita, na katika vyote mtoto anaingia ndani ya filamu badala ya kuitazama. Anneth aliacha kazi yake ya ukarani akaja kuisimamia, na hajawahi kueleza vizuri kwa nini.

Kisha mwaka 2023 marehemu akaleta mpango wa kivutio cha saba. Aliuchora mwenyewe kwenye karatasi ya manila: njia ya kukimbilia ya mita mia moja na ishirini, kamera pembeni, ukuta wa kuonyeshea picha mwishoni, ili mtu akishakimbia ajione. Nyuma ya mkimbiaji alichora kisanduku. Ndani ya kisanduku hakuna kitu. Anneth alimuuliza kitakaa nini humo. Alijibu kwamba hicho ndicho tunachotafuta.

Alipeleka mchoro huo benki. Afisa wa mikopo, kijana mstaarabu, akauliza swali lile lile, akajibiwa jibu lile lile, na mkopo haukupatikana. Hapo marehemu akafanya kama afanyavyo mtu yeyote wa kwetu mwenye jambo kubwa na mfuko mdogo. Aliunda kamati. Mwenyekiti akawa Mzee Jamaldini, akapatikana mweka hazina, vikao vikawa kila Jumapili alasiri, na kadi za mchango zikachapishwa, za mtu mmoja na za watu wawili, kwa mchapaji yule yule anayechapa za harusi. Mchapaji naye, kwa mazoea, akaweka maua na pete mbili juu.

Sasa fikirieni. Mzee mwenye binti wa miaka arobaini na moja asiyeolewa anapita na kadi yenye pete, anasema jambo letu ni mwezi wa kumi na mbili. Nani angeuliza zaidi? Watu mia mbili na kumi na wanne walichanga kwa furaha kubwa. Anneth alipongezwa sokoni, akapongezwa kanisani, akaanza kujiuliza kama kuna mtu aliyemposa yeye hakusikia. Shangazi Nosim alikuja kutoka Oldonyo Sambu na kibuyu cha maziwa na shuka la sare ameshashona, akataka kumwona bwana harusi. Akaonyeshwa mita mia na ishirini za udongo. Alikaa kwenye ngazi za ile ndege, akasema maziwa hayarudi, tuyanywe.

Hakuna aliyedai chake. Lakini kila mtu alitaka kujua lini, na lini haikupatikana, kwa sababu fundi alimwaga zege la njia akagoma kuendelea mpaka aambiwe nyuma kinajengwa nini. Kamati ilikaa vikao kumi na tisa juu ya kisanduku. Wengine walisema faru. Wengine nyati, wengine moto unaoshuka Mlima Meru. Mzee Jamaldini alipendekeza mtoza ushuru, na pendekezo hilo lilikaribia kupita. Marehemu alisikiliza yote, akatikisa kichwa. Alisema zile hazikuwa nyayo za faru.

Februari mwaka huu marehemu alipatwa na kiharusi. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi nyumbani, na mwishoni mwa Mei hali ikageuka tena akalazwa. Mkono wa kulia haukufanya kazi na maneno yalimtoka machache. Anneth alikaa kando ya kitanda na daftari. Anakiri mbele yenu kwamba hakuwa anauliza maswali ya mtoto kwa mzazi. Alikuwa anauliza ya msimamizi. Alimuuliza, "Baba, niweke nini nyuma?" Marehemu akasema, "Nilizisikia." Mwenyezi Mungu alimchukua Jumapili tarehe 8 Juni 2025, saa tatu asubuhi, mkewe akiwa pembeni yake.

Jumanne familia ilikutana. Abdiel alisafiri kutoka Dodoma na hoja yake ilikuwa nzito, wala hakuisema kwa ubaya. Bustani haijiendeshi bila kivutio kipya, kivutio hakijengeki kwa sababu hakuna ajuaye ni nini, na yupo mnunuzi anayetaka zile ekari tatu azikate viwanja. Alishauri watu warudishiwe michango yao siku ya mazishi, wakiwa wote wamekusanyika. Anneth alitaka kubisha. Alifungua ule mchoro wa manila mezani, akaangalia kisanduku kitupu, akaanza kulia. Alisema amechanganyikiwa, hajui hata alikuwa anampenda baba yake au alikuwa anangoja amweleze.

Mama Anneth alikuwa kwenye mkeka anamenya ndizi za wageni. Akaweka kisu chini.

"Nyuma yake nilikuwa mimi," akasema.

Hakuna aliyeelewa. Akaeleza. Alikuwa na miaka minane, alikuwa miongoni mwa wale ishirini, na waliposimamishwa alimwona mtoto wa jirani anaendelea na sweta limebaki juu ya jiwe. Alimjua mama wa yule mtoto, na alijua mwana asingelala bila fimbo kwa kupoteza sweta la shule. Basi akalichukua, akamfuata. Aliita mwanzoni, pumzi zikaisha, akabaki kukimbia tu. Kadiri alivyokaribia ndivyo mwenzake alivyoongeza mwendo. Alimfuata hivyo hadi Ngongongare, akalitundika kwenye masale, akaenda kwao akapigwa yeye kwa kuchelewa.

Abdiel aliuliza, kwa adabu, kwa nini hakusema miaka yote hiyo. Mama alijibu kwamba alitaka kusema siku ya posa, ila mwanamume alikuwa na furaha sana na mnyama wake. Akajiambia atasema wakishaoana. Walipooana, tayari habari alikuwa nayo mchungaji na usharika mzima. Halafu mwanamume akaanza kujenga.

"Nilimwambia Jumamosi, pale wodini, sikioni," akasema. "Nikamwambia Elisaria, zilikuwa za kwangu. Alikuwa ameangalia ukutani. Akageuza shingo, akaniona."

Basi wanakamati na wachangiaji wote mliopo, tangazo ndilo hili. Michango hairudi, na viwanja havikatwi. Abdiel amekubali, na ndiye aliyempigia fundi simu Jumatano. Nyuma ya mkimbiaji atakuja msichana wa miaka minane, ameshika sweta la kijivu. Atakayegeuka atamwona, asiyegeuka ataonyeshwa ukutani. Mtaalikwa kwa kadi zile zile, na sare ya Shangazi Nosim itavaliwa.

Marehemu ameacha mjane, Mama Aikande; watoto wawili, Anneth na Abdiel; wajukuu watatu; dada mmoja, Nosim; rafiki mmoja asiyehesabika na yeyote mwingine, Mzee Jamaldini; na mamba mmoja anayehitaji mota mpya.

Mama ameliweka lile sweta la Momela, lililotunzwa miaka yote, ndani ya jeneza kwa mkono wake mwenyewe. Elisaria amefika nyumbani, na sasa anajua ni nani aliyekuwa anakuja. Apumue, apumzike.