Beti za Bi Rafia Ambazo Hakuna Aliyezisikia

Mheshimiwa Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya washairi, Bi Shagufta Kirmani. Washairi wakubwa mlioegemea mito hapa jukwaani. Ndugu wageni waalikwa mliotoka Hyderabad na Multan. Wenzetu wa redio, ambao najua mmefika mapema kuiwahi biriani. Nawe Kaka Ihtisham Sandelvi, ambaye kwa ajili yako tumekusanyika alasiri hii hapa Karachi: assalamu aleikumu.

Nimeombwa nieleze maisha ya mtu aliyetuchekesha kwa miaka arobaini na mitatu, na ambaye leo anaiweka kalamu chini. Niseme nini msichokijua? Nani hapa hakulelewa na mchezo wake wa redio, ule wa Shangazi Naima anayevunja posa za watu kila Ijumaa? Miaka kumi na moja aliuandika peke yake, na hata mara moja hakuchelewesha mswada. Siku moja aliandika akiwa na homa ya matumbo, na waigizaji wakacheka mpaka fundi mitambo akawafukuza studio. Muuza nyama wa Burns Road alikuwa akimwona tu anaweka kisu chini. "Ustadh, sema kitu!" Naye husema. Jamani, hata siku ya kumzika mkewe, Bi Rafia, bwana mmoja alimvuta kanzu pale pale makaburini: "Ustadh, tuchekeshe kidogo, mioyo imekuwa mizito." Akamchekesha. Nilikuwepo, na mimi nilicheka pia.

Mnanijua. Mimi ni Waqar, mshereheshaji wenu, niliyeshika orodha ya washairi katika mikutano yetu kwa miaka thelathini. Kazi hii ina ujanja wake. Chipukizi husoma kwanza, wakubwa husoma mwisho, na watu wakianza kupiga miayo katikati, unawatupia mchekeshaji awaamshe. Kwa hiyo Kaka Ihtisham, pamoja na mvi zake, nilimtia katikati miaka nenda miaka rudi, huku vijana aliowasahihishia beti zao wakipanda kumpita. Hakulalamika hata siku moja.

Isipokuwa mara moja tu. Ilikuwa majira ya baridi, miezi minne baada ya Bi Rafia kufariki. Alinijia dukani kwangu, akaketi, akakataa chai, nikajua kuna jambo.

"Waqar, mdogo wangu, Jumapili usinitie katikati."

"Nikutie wapi sasa, jikoni?"

"Kabla ya mwenyekiti. Nina beti tisa nilizomtungia Rafia."

Akaendelea, "Na usinitangulize kwa mzaha. Taja jina langu, halafu kaa. Utaweza?"

"Kaka, kwani mimi mtoto? Nimekuahidi."

Ndugu zangu, niliahidi nikiwa na akili timamu. Jumapili ile hema lilijaa watu mia nne, na mshairi aliyetangulia alisoma shairi refu mno. Yupo hapa leo na simtaji, lakini anajijua! Watu wakaanza kuvaa viatu na kukunja shali. Nikashika kipaza sauti, nikaona migongo, nikaingiwa na woga wa mshereheshaji, na mdomo wangu ukafanya ulichozoea. Nilisema hivi: "Kaeni, kaeni! Anayekuja ameniambia kwamba leo hana mzaha hata kidogo. Mmewahi kusikia mzaha mkubwa kuliko huo?"

Lo! Hema liliripuka. Waliokwisha kuvaa viatu walivivua tena.

Akasoma mstari wa kwanza kwa sauti ya chini, wakacheka. Wakapiga kelele, "Wah, wah! Rudia!" Nanyi mnaijua desturi yetu: wasikilizaji wakisema rudia, mshairi hurudia, na anayekataa hana adabu. Akarudia. Wakacheka zaidi, wakasema hawajaona mtu anayeweza kukaza uso namna ile. Kila ubeti waliutaka tena, na kila mara aliinua mkono hadi kwenye paji la uso kuwashukuru, kama tulivyofunzwa. Alizisoma zote tisa hivyo, na kila mmoja mara mbili. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Je, nilisimama niseme, "Nyamazeni, huyu anamlilia mkewe"? Sikusimama. Nilifurahi kwamba hakuna aliyeondoka.

Aliposhuka akaikunja karatasi. "Umewazuia wasiondoke," akaniambia. "Umefanya kazi yako." Basi. Ijumaa Shangazi Naima akaja hewani kama kawaida, na tangu siku ile hakuniomba tena nafasi yoyote.

Imepita miaka kumi na tisa. Mwezi jana, tulipopanga shughuli hii, nilikwenda kwake Nazimabad. Binti yake Tahsin akatuletea chai. Nikamwambia, "Kaka, safari hii utasoma wewe mwisho, baada hata ya mwenyekiti. Tusomee zile za Bi Rafia."

"Nilizitia motoni jikoni usiku ule ule."

"Basi si zimo kichwani?"

"Nimezeeka, Waqar. Zimetoka." Akanitazama. "Wewe ulikuwa karibu yangu. Unakumbuka hata mstari mmoja?"

Sikukumbuka. Wallahi, hata mmoja. Akaona ninavyohangaika, akanitania ili kuniokoa: "Ulikuwa unahesabu viatu, wewe!"

Tangu siku ile nimewauliza wengi wenu mliokuwemo hemani, wengine kwa simu, wengine majumbani. Kila mmoja amenirudishia mzaha wangu, neno kwa neno, na kucheka upya. Nikaitafuta kaseti ya mkutano, nikaisikiliza mara saba. Vicheko vimefunika kila kitu. Nimeambulia neno moja, "miwani". Miwani ya Bi Rafia ilifanya nini, ilibaki wapi, sijui, na sasa hata yeye hajui.

Kaka Ihtisham, nilikukosea mbele za watu, ndiyo maana sikukuomba radhi sebuleni kwako. Nakuomba hapa. Ulitupa miaka arobaini na mitatu, ukaomba dakika kumi tu, nami nikakunyang'anya. Usinijibu kwa mzaha, nakusihi. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, una haki hiyo.

Nanyi ndugu zangu, kama yupo mmoja humu anayekumbuka mstari mmoja tu, asimame, nampisha kipaza sauti hiki. Nasubiri.

Hakuna.

Basi nawashukuru kwa kunisikiliza mimi. Aliyestahili kusikilizwa ni yeye.